Sawazisha Kwanza: Kiweko cha Ikweta kwa Anayeanza Mtambile

Ukifungua boksi la darubini yenye kiweko cha ikweta, karatasi ya maelekezo itakutaka kwanza uitafute nyota ya ncha ya kaskazini, uuelekeze mhimili kwake, kisha ndio ushughulikie mengine. Kwa mtu wa Mtambile agizo hilo halitekelezeki. Mtambile, kisiwani Pemba, iko kiasi cha digrii 5.4 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo haichomozi hapa hata usiku mmoja katika mwaka. Manahodha wa Bahari ya Hindi, ambao elimu yao Ahmad ibn Majid aliiandika katika karne ya 15, waliipima kwa vidole ili kujua wamefika wapi, na kila waliposhuka kusini waliiona ikididimia mpaka ikawapotea, wakashika nyota nyingine. Upande wa kusini nako hakuna msaada. Ncha ya kusini ya mbingu iko digrii tano tu juu ya upeo wa macho, nyuma ya minazi na mikarafuu, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata pasipo na miti hewa nzito ya pwani huimeza. Wengi wakifika hapo hukata shauri kuwa kiweko hiki ni cha watu wa nchi za baridi. Mwongozo huu unashikilia kinyume chake: kiweko cha ikweta kinafaa Pemba kuliko sehemu nyingi za dunia, ila mpangilio wa kazi lazima ugeuzwe. Hapa kazi ya kwanza, na iliyo kubwa, ni kusawazisha uzito. Kuitafuta ncha kunafuata nyuma, na kunavumilia makosa kuliko vitabu vinavyotaka uamini.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kiweko cha ikweta kina mihimili miwili. Mhimili mkuu hulazwa sambamba na mhimili wa dunia. Wa pili umekaa juu yake kwa pembe mraba, ukibeba bomba la darubini upande mmoja na fimbo yenye chuma cha kusawazisha upande wa pili. Ni mzega: mzigo huku, mzigo kule, na bega katikati. Faida yake inatokana na mwendo wa mbingu. Nyota huonekana zikitoka mashariki kwenda magharibi digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Ukitazama kwa ukuzaji wa mara 100, duara unaloliona ndani ya lenzi kwa kawaida lina upana wa nusu digrii, sawa na upana wa mwezi mpevu. Kwa hiyo Zohali uliyoiweka katikati inatoka nje ya duara baada ya dakika moja, na mtoto anayesubiri zamu yake akifika kwenye lenzi anakuta giza. Mhimili mkuu ukilala sawa, unahitaji kuzungusha kirungu kimoja tu, polepole, upande mmoja, na Zohali inabaki mahali pake. Ukifunga mota ndogo ya betri huna haja hata ya kirungu.

Pingamizi la kwanza linastahili kusikilizwa, kwa sababu linatolewa na watu wenye uzoefu: kwa nini anayeanza asinunue darubini ya sanduku la mbao, ile inayopanda na kushuka na kuzunguka kama mzinga, iliyoenezwa na John Dobson huko San Francisco? Ni rahisi, haina gia, haina chuma cha kusawazisha, na seremala wa kijijini anaweza kuitengeneza. Yote hayo ni kweli. Kama haja yako ni kuuona mwezi mwandamo baada ya jua kuzama kabisa, au kuwaonyesha watoto wa skuli mashimo ya mwezi, sanduku la mbao linatosha na fedha zako zitabaki mfukoni. Lakini angalia anga ya Mtambile ilivyo. Jua, mwezi na sayari hutembea kwenye ukanda mwembamba wa mbingu, na ukanda huo hapa hupita juu ya vichwa vyetu. Sayari ikivuka mstari wa kaskazini na kusini, kwa kawaida haiwi mbali na utosi zaidi ya digrii 30. Mkanda wa Orion hupita kiasi cha digrii nne tu kaskazini mwa utosi, na Rigel chini ya digrii tatu kusini yake. Huko juu ndiko hewa ilipo nyembamba na safi, na katikati ya mashamba ya mikarafuu huko ndiko anga iliyo wazi. Basi utosini ndipo sanduku la mbao linaposhindwa. Kitu kikipita digrii moja kutoka utosini, darubini ya aina hiyo inapaswa kugeuka ubavu kwa kasi ya digrii 14 hivi kila dakika ili isikipoteze, na huku bomba limesimama wima huna pa kulishikia vizuri. Kiweko cha ikweta hakina upofu huo. Kwake utosi ni mahali kama pengine, mwendo ni ule ule wa digrii 15 kwa saa. Mtu wa London anaweza kuishi bila faida hii, kwa sababu kwake sayari nyingi ziko chini. Mtu wa Pemba anaitumia kila usiku.

Sasa uzito. Kiweko cha aina tunayoizungumzia kilipata umbo lake kwa Joseph von Fraunhofer, aliyekitengeneza kwa ajili ya darubini kubwa ya Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, nchini Estonia, mwaka 1824. Tartu iko digrii 58 kaskazini, na huko mhimili mkuu unasimama zaidi ya nusu ya njia kuelekea juu. Hilo lina maana kubwa kwa usawazishaji, na vitabu vingi havilisemi kwa sababu wasomaji wao hawalihitaji. Mhimili ukisimama, sehemu ya uzito uliozidi hukandamiza kwenda chini kwa kufuata mhimili wenyewe, na sehemu iliyobaki tu ndiyo inayojaribu kuuzungusha. Kwenye ncha ya dunia mhimili ungesimama wima kabisa, na hata ungeacha chuma cha kusawazisha nyumbani, mhimili mkuu usingehisi lolote. Kadiri unavyoteremka kuelekea ikweta, mhimili unalala, na uzito uliozidi unageuka kuwa nguvu ya kuzungusha. Mtambile mhimili umelala karibu kabisa, umeinuka digrii 5.4 tu. Ukipiga hesabu, kosa lile lile la uzito linaisukuma gia ya Mtambile kwa nguvu mara 1.6 ya linavyoisukuma London, na karibu mara mbili ya Tartu. Ushauri wa juu juu wa kwamba anayetazama kwa jicho tu hana haja ya kusawazisha sana umetoka kwenye nchi ambazo mhimili wenyewe unasamehe. Wa hapa hausamehe. Gia ndogo ya shaba inayobeba uzito wa ziada kila usiku hulika meno, mota hukwama au kukimbia, na bomba lililolegezewa klachi, yaani kibano kinachoufunga mhimili, huanguka badala ya kusogea.

Habari njema ni kwamba hali hiyo hiyo inakurahisishia kupima. Mhimili uliolala ni mizani nyepesi kuhisi, na kosa dogo ambalo London lingefichika hapa linajitokeza mara moja. Fanya kazi hii mchana au kabla ya magharibi. Tia chuma cha kusawazisha kwenye fimbo kwanza, ufunge skrubu ya usalama iliyo kwenye ncha ya fimbo, ndipo upandishe bomba. Wakati wa kufungua geuza mpangilio, bomba lishuke kabla ya chuma. Bomba likibaki peke yake bila mwenzake, klachi ikilegea litapiga mguu wa tripodi kwa uzito wake wote. Ivishe darubini kila itakachokuwa nacho usiku: lenzi ya jicho, kidarubini cha kulengea, na vifuniko vivuliwe, maana darubini iliyosawazishwa ikiwa na kofia yake haiko sawa ikivuliwa. Kisha igeuze fimbo mpaka ilale, ikielekea mashariki au magharibi. Shika bomba kwa mkono mmoja na ulegeze klachi ya mhimili mkuu kidogo kidogo. Usiiachie ghafla. Utahisi upande unaotaka kushuka. Bomba likishuka, sogeza chuma mbali na kiweko, na chuma kikishuka, kisogeze karibu. Kinachohesabika ni uzito ukizidishwa kwa umbali. Bomba la kilo 4 ambalo kitovu chake kiko sentimita 25 kutoka kwenye mhimili linasawazishwa na chuma cha kilo 5 kikiwa sentimita 20, au na chuma cha kilo 3.3 kikiwa sentimita 30. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini chagua ya kwanza. Chuma kizito kilicho karibu hutikisika kidogo kuliko chepesi kilicho mbali, na upepo wa kusi ukivuma utaona tofauti hiyo kwenye lenzi.

Mhimili wa pili unataka uangalifu zaidi, na hapa tena ikweta inaweka mtego wake. Watu wengi huusawazisha darubini ikiwa katika mkao wa kupumzika, fimbo ikining'inia chini na bomba juu. Kwenye nchi za kaskazini mkao huo hutoa angalau jibu la nusu. Mtambile fimbo ikining'inia chini, mhimili wa pili unakuwa karibu wima, na mhimili ulio wima, kama tulivyoona, hauhisi uzito uliozidi. Utalegeza klachi, bomba litatulia tuli, utaridhika, na usiku bomba litakuelemea litakapoelekea utosini. Kwa hiyo pima mhimili wa pili fimbo ikiwa imelala tu. Funga klachi ya mhimili mkuu kwa nguvu, lilaze bomba, legeza klachi ya pili, uone ni mbele au nyuma kunakoshuka. Legeza pete zinazoshika bomba na ulitelezeshe. Hesabu ni ile ile: lenzi nzito ya gramu 300 iliyo sentimita 40 kutoka kwenye mhimili inahitaji bomba la kilo 4 lisogee sentimita 3. Ndiyo maana ukibadilisha lenzi nyepesi kwa nzito katikati ya usiku usishangae darubini ikianza kuinama. Weka alama ya chaki kwenye bomba kwa kila lenzi unayoitumia sana. Ukimaliza, rudi kwenye mhimili mkuu upime mara ya pili, kwa sababu kila mhimili unaathiri mwenzake. Darubini imesawazika pale unapoweza kuliacha bomba katika mkao wowote, klachi zote mbili zikiwa zimelegea, mikono yako ikiwa tayari kulidaka, nalo likabaki pale pale.

Kuna uzito wa tatu ambao haumo kwenye mihimili: uzito wa kifaa kizima juu ya miguu yake. Mhimili ukilala, bomba na chuma vinatokeza mbele, upande wa kusini, mbali na katikati ya tripodi, na ndipo kiweko kinapotaka kuanguka kifudifudi. Kinga ya kwanza ni kuelekeza mguu mmoja kusini kabisa, chini ya mzigo. Lakini fimbo inayoning'inia mbele kwa latitudo hii inaweza kuugonga mguu huo huo. Jaribu mchana: zungusha mhimili mkuu wote kwa mkono, taratibu, uone fimbo inapita au haipiti, na uone kama mkia wa bomba unagusa mguu bomba linapoelekea utosini. Ikiwa fimbo inapita, bakia na mguu mmoja kusini. Ikiwa haipiti, geuza tripodi ili miguu miwili iwe kusini na fimbo ipite katikati yao, ila ujue kwamba sasa kinga yako mbele ni nusu tu ya ile ya mwanzo. Tundika mfuko wa mchanga kwenye mguu wa kaskazini, na usiinue miguu juu kuliko inavyohitajika. Udongo wa Mtambile mvua ikinyesha ni laini, kwa hiyo kila mguu uwe juu ya kipande cha ubao au tofali.

Kikwazo kingine ni pembe yenyewe. Kiweko kina skrubu ya kuinulia mhimili na kipimo kilichochorwa ubavuni, na viweko vingi vilivyokusudiwa Ulaya na Marekani haviteremki hadi digrii tano. Viko vinavyoishia 15, na viko vinavyoishia 20. Baadhi ya watu hufupisha mguu wa kusini mpaka tripodi yote iiname. Kinadharia hawakosei, kwa sababu kiweko cha ikweta hakidai ardhi iliyopimwa kwa pimamaji, kinadai mhimili tu uwe sambamba na wa dunia. Lakini kuinamisha tripodi kuelekea upande ambao mzigo tayari unaelemea ni kutafuta ajali. Afadhali kabari ya mbao ngumu au chuma kati ya kichwa cha kiweko na tripodi, au juu ya nguzo ya zege. Ikiwa kiweko chako kinaishia digrii 15 unahitaji kushusha digrii 10 hivi, na kabari ya urefu wa sentimita 30 itapanda sentimita 5.3 upande mmoja. Fundi wa kuchomelea ataikata ukimpa vipimo hivyo viwili. Usiiamini sana namba iliyochorwa kwenye kiweko cha bei nafuu. Mhimili wa digrii 5.4 hupanda sentimita 9.5 kwa kila mita, kwa hiyo chonga kijiti cha kabari chenye urefu wa sentimita 20 na unene unaotoka sifuri hadi sentimita 1.9, kiweke juu ya ganda la mhimili mkuu upande mnene ukielekea kaskazini, uweke pimamaji juu yake. Kiputo cha hewa kikikaa katikati, pembe yako ni sahihi.

Baada ya hapo ndipo tunauliza kusini kuko wapi, na katika jambo hili Pemba ina bahati ambayo sehemu chache za dunia zinayo. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39.8 mashariki, na Mtambile iko karibu 39.7. Kibla cha hapa kwa hiyo ni kaskazini kwa tofauti isiyofika nusu digrii. Msikiti uliojengwa kwa kipimo kizuri unakuonyesha kaskazini ya kweli kwa mihrabu yake, na kusini ya kweli kwa ukuta wa nyuma. Hata hivyo kuta hujengwa kwa mikono na zinaweza kukosea digrii kadhaa, kwa hiyo chukua mwelekeo huo kama mwanzo, kisha uuthibitishe kwa kivuli. Tundika timazi kwenye uwanja uliosawazishwa. Asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli cha fundo lililofungwa kwenye uzi, uchore duara likipita hapo, kitovu chake kikiwa chini ya timazi, na mchana usubiri ncha hiyo iguse duara mara ya pili. Mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki na magharibi, na unaoukata kwa pembe mraba ni kaskazini na kusini. Njia ya mkato ni kivuli cha uzi pale jua linapovuka katikati ya anga, kabla kidogo ya adhuhuri kuingia. Wakati huo hubadilika ndani ya mwaka, kutoka kiasi cha saa 6:05 mchana mwanzoni mwa Novemba hadi saa 6:35 katikati ya Februari. Kuna siku mbili rahisi kukumbuka: karibu na 28 Mei saa 6:18 mchana na karibu na 16 Julai saa 6:27, jua linaposimama juu ya Kaaba yenyewe. Saa zetu na za Makka ni moja, na kivuli cha timazi Mtambile wakati huo kinalala kuelekea kusini. Epuka siku zilizo karibu na 7 Machi na 7 Oktoba kwa njia hii ya mkato, kwani jua liko utosini na kivuli cha adhuhuri kinatoweka. Dira ya simu iache iwe ya mwisho: chuma cha kusawazisha na nondo za zege huipotosha, na hata isipopotoshwa haielekei ncha ya kweli ya dunia. Na katika kazi hii yote ya jua, darubini isielekezwe juani kamwe. Jicho huharibika mara moja.

Kosa la digrii moja lina madhara gani? Swali hili ndilo linalokata hoja. Mhimili ukiwa umekosea digrii moja, nyota huhama pembeni kwa kiasi cha nusu ya upana wa mwezi kwa saa nzima. Katika lile duara la ukuzaji wa mara 100, nyota uliyoiweka katikati itakaa ndani kwa karibu saa moja, badala ya dakika moja. Kwa anayetazama kwa jicho hilo ni zaidi ya linalohitajika, na mguso mdogo wa kirungu cha pili unairudisha. Linganisha na uzito uliokosewa, ambao hauna mguso wa kuurekebisha, unazidi kila bomba linapogeuka, na unakula chuma. Ndiyo maana narudia kwamba anayeanza atumie nusu saa yake kwenye chuma na pete, na dakika tano kwenye mwelekeo. Wapiga picha wanahitaji usahihi mkubwa zaidi, na wao wanaweza kuendelea kwa kutazama nyota zinavyohama. Chagua nyota iliyo karibu na utosi na karibu na ikweta ya mbingu: mkanda wa Orion Januari na Februari, Spica Mei na Juni, Altair Agosti na Septemba. Ifuate kwa mhimili mkuu peke yake kwa dakika kumi. Ikiwa ili kuirudisha katikati unalazimika kuisogeza darubini kaskazini, basi nyota imehama kaskazini, na mhimili wako umeelekea mashariki mno mwa kusini, uugeuze magharibi kidogo. Ikihama kusini, fanya kinyume. Kisha chukua nyota iliyoko mashariki, kiasi cha digrii 20 au 30 juu ya upeo. Ikihama kusini mhimili umeinuliwa mno, na ikihama kaskazini umeshushwa mno. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji kuiona ncha, na minazi iliyoiziba haikupunguzii kitu.

Watu wa vifaa vya kisasa watasema kompyuta na mota vinafanya haya yote. Mota inayojielekeza inajua mahali nyota ilipo, haijui bomba linaelemea wapi, na inapolazimishwa inavuta mpaka jino livunjike. Gia mpya haiuzwi Chake Chake, wala Mkoani. Wapo pia wapiga picha wanaoshauri usisawazishe kabisa, uache upande wa mashariki uwe mzito kidogo ili meno ya gia yagusane daima. Ushauri huo ni sahihi kwao. Lakini uzito huo mdogo hupimwa kuanzia usawa kamili, na asiyejua usawa uko wapi hawezi kujua ameongeza kiasi gani, hasa kwenye latitudo ambapo kila kidogo kinasukuma kwa ukamilifu wake. Jaribio la mota kwa anayeanza ni jepesi. Swichi ya N na S iwe kwenye S, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ukiwasha na nyota ikakimbia kwa kasi mara mbili ya kawaida, swichi iko upande usio wake. Chumvi ya bahari nayo usiisahau: futa fimbo na skrubu kila ukimaliza, tia grisi nyepesi, wala usitumie mafuta ya kupikia, kwani hugeuka gundi.

Kabla hujalipa fedha, muulize muuzaji mhimili wa kiweko hicho unashuka hadi digrii ngapi. Akikujibu tano au chini yake, kinunue. Akikujibu 15 au 20, jumlisha gharama ya kabari kwenye bei kabla ya kukubali. Na kama hawezi kukujibu, pima mwenyewe kwa pimamaji na kile kijiti cha sentimita 1.9 papo hapo dukani.